Hiyo plagini ya bure inataka nini kwenye kompyuta ya stationari?

Mimi sio wa kuhubiri habari za leseni. Dizaina wa Mwanjelwa, Mbeya, anayeishi kwa kadi za mchango wa harusi na mabango ukimwambia alipie programu kwa dola kila mwezi atakucheka, na mimi nitacheka naye. Ila hizi plagini, yaani nyongeza za programu za picha, zilizochezewa leseni, zinazozunguka kwa flashi na kwenye magrupu ya Telegramu, hizo nina ugomvi nazo.

Fungua folda moja uone. Kuna plagini yenyewe, kuna kifaili cha kraki, yaani cha kuvunja leseni, halafu kuna maelezo kwa herufi kubwa: zima antivairasi, zima intaneti, fungua kama administreta. Sasa kitu cha kulainisha ngozi ya bibi harusi kinataka uzime ulinzi wa mashine nzima ili iweje? Watu watakwambia aah antivairasi inapigia kelele kila kraki hata isiyo na shida, sawa, lakini ndo balaa lenyewe hilo, maana siku ikipiga kelele ya ukweli wewe ushazoea kuizima.

Na msidhani hatari ni faili za programu za .exe tu. Mwaka 2012 ESET, kampuni ya antivairasi, walitangaza kirusi cha AutoCAD, ile programu ya kuchora ramani za majengo, kinaitwa ACAD/Medre.A, kimeandikwa kwa AutoLISP, yaani lugha ileile ya kuandikia nyongeza za AutoCAD, kikawa kinabeba michoro ya watu kimyakimya na kuituma kwa imeili kwenda China. Walioumia zaidi walikuwa Peru. Sidhani kama msanifu wa kule aliwahi kuwaza kuna mtu China anaitaka michoro yake.

Halafu kuna STOP, wengine wanaita Djvu, kirusi cha kufunga mafaili na kudai hela, huyu anapenda sana kuja na kraki. Anafunga mafaili yako yote, anakuachia _readme.txt ambayo kwa miaka mingi ilidai dola 980, nusu yake ukiwahi ndani ya saa 72. Emsisoft, nao wa antivairasi, walitoa dawa ya bure 2019 ila haifungui kila kitu. Hebu fikiria hilo likukute mwisho wa Julai, mabango ya Nane Nane yamejaa foleni na wateja wa viwanja vya John Mwakangale wanapiga simu.

Lakini kazi zako unaweza kuzirudia. Za wateja je? Kompyuta ya stationari ina vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya mkopo wa chuo, imeili ya mtu aliyesahau kutoka, paswedi zimesevu kwenye brauza. Virusi vya kuiba paswedi vinaanzia humohumo, na yule mama aliyekuja kupiga kopi hakukutuma uweke plagini.

Na mara nyingi huihitaji hata. Ngozi unailainisha kwa leya mbili, moja ya rangi, moja ya vinyweleo na vitundu, rekodi akshen yako, yaani hatua hizo zijirudie zenyewe, mara moja basi. G'MIC ni plagini ya bure kabisa na inaingia kwenye GIMP na Krita, programu za picha ambazo nazo ni za bure. Bando likiwepo kuna Photopea, ya kuhariri picha ndani ya brauza.

Kama bosi hasikii, mwombe basi hiyo plagini ikae kwenye mashine ya pembeni isiyo na faili la mteja wala intaneti. Na ile diski ya bakapu ichomoeni mkimaliza kukopi jamani, ikibaki imechomekwa nayo inafungwa vilevile.