Kituo kiko karibu, damu iko mbali

Dada yangu anaishi mwendo wa dakika kumi kutoka kituo cha afya. Katika hesabu za Wizara ya Afya yeye ameshafikiwa, maana Uganda tumezoea kuhesabu walio ndani ya kilomita 5 kutoka kituo chochote kile.

Usiku aliojifungua, huku kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtoto alitoka salama, kisha damu ikaanza na haikukoma. Mkunga alikuwepo, na alijitahidi. Alimdunga oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, akamkanda tumbo, akamwekea dripu. Halafu akatuambia, "Mkimbizeni hospitali ya Arua. Hapa sina damu wala daktari."

Tumkimbize na nini? Gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Mwenye bodaboda wa kwanza aliogopa matope. Wa pili alikubali, dada akawekwa katikati, shemeji akamkumbatia kwa nyuma asidondoke. Safari ilichukua saa tatu nzima. Mama anayevuja damu namna ile anaweza kufa ndani ya saa mbili. Dada alipona, na mpaka leo nikimwona amejitwika ndoo ya maji namshukuru Mungu kwa saa ile ya ziada.

Mama akipata dharura, kinachomwokoa ni chumba cha upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi na damu kwenye friji. Kwa mpango wa Serikali, upasuaji unaanzia kituo cha daraja la nne. Daraja la tatu huzalisha wasio na matatizo. Kwa hiyo kuniambia kituo kiko karibu bila kuniambia ni cha daraja gani ni kunificha jambo lenyewe. Na huduma ni bure, ndiyo, tangu 2001 ada ziliondolewa kwenye vituo vya Serikali, ila bodaboda ya saa nane usiku hulipwa taslimu. Kalangala, wilaya ya visiwa 84 vya Ziwa Victoria, hata bodaboda haisaidii: upepo wa ziwa ndio unaoamua.

Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ilikwisha sema kwamba kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Basi wilaya zipime umbali upya, kwa saa, kutoka mlangoni kwa mama hadi penye damu. Waanzie kwa dada yangu, mwezi wa Agosti, mvua ikinyesha, saa nane za usiku.