Chupa ya Ukwaju

Nilidaka kwa miaka 14. Nyingi ya hiyo ilikuwa daraja la pili. Ligi Kuu niliionja msimu mmoja tu, na huo nao niliumaliza benchi, mikononi nimevaa glovu mpya ambazo hazikuwahi kugusa mpira wa mechi. Goti lilipogoma kukunja nikafanya kama makipa wengi waliogomewa na magoti: nikajiita kocha wa makipa.

Sasa kipa ana ugonjwa ambao hauponi hata akistaafu. Dunia nzima anaijua kutokea golini. Mimi hata harusini nakaa mahali ninapoona mlango na kona zote mbili za ukumbi. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mwaka huo nilikuwa na timu ya mtaa hapa Morogoro, tumefika fainali ya ndondo, bingwa anachukua mbuzi na seti ya jezi. Wapinzani wetu walikuwa wameshinda nusu fainali yao kwa matuta, yaani penalti, na mimi nilikwenda kuwachungulia. Nyuma ya goli kulijaa watu, nikapanda mwembe upande wa pili, mgongoni kwa wapigaji, goti likilalamika kila tawi. Nikaandika kila mmoja alipopiga wapi.

Ujanja huo si wangu. Kombe la Dunia 2006, robo fainali ya Ujerumani na Argentina pale Berlin, kocha wa makipa Andreas Köpke, naye kipa mstaafu, alimwandikia kipa wa Ujerumani, Jens Lehmann, kikaratasi cha wapiga penalti wa Argentina. Lehmann akakichomeka kwenye soksi, akapangua mbili, Wajerumani wakapita. Baadaye kile kikaratasi kilinadiwa kwa ajili ya hisani, kikanunuliwa kwa euro milioni moja. Changu kilikuwa mfuko wa khaki wenye mafuta ya karanga.

Soksi za kipa wangu zilikuwa na matundu, kikaratasi kisingekaa. Nikaamua kukifunga kwenye chupa. Chupa yenyewe ilikuwa na juisi ya ukwaju ya mke wangu, nyekundu iliyokolea. Gundi sikuwa nayo, nikakaza na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, mweusi. Kalamu ya bluu ya mtoto ilikuwa imekwisha, nikaandika kwa nyekundu, namba na mishale. Naapa, wakati natengeneza sikuona tatizo lolote.

Mechi ikaisha suluhu, tukaenda kwenye matuta. Dogo wangu akaenda golini na taulo lake, akaiweka chupa kwenye nguzo kwa adabu zote, akaifunika. Ile kuifunika ndiyo ilitumaliza.

"Hirizi! Refa, hirizi hiyo!"

Na sauti nyingine kutoka kwenye bodaboda: "Kocha wao mtu wa Tanga!"

Hapo kesi ilikuwa imeshahukumiwa. Kweli mimi kwetu Tanga, na huku bara hilo peke yake ni ushahidi tosha.

Refa akaja, akainyanyua chupa kwa vidole viwili kama ameshika mkia wa panya. Akaniita.

"Mwalimu, hii nini?"

"Ukwaju, mheshimiwa."

"Na haya maandishi mekundu?"

Nikabaki mdomo wazi. Nikisema ni orodha ya penalti, nimetoa siri. Nikinyamaza, mimi mchawi. Akili yangu ikakimbilia kwa Thomas N'Kono. Huyu ni kipa mkubwa wa Cameroon, mchezaji bora wa Afrika 1979 na 1982, mtu aliyemfanya Buffon, kipa maarufu wa Italia, atamani kuwa kipa. Mwaka 2002, akiwa kocha wa makipa, polisi walimkamata uwanjani Bamako kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, wakimtuhumu kuacha hirizi uwanjani. Nikajiambia, kama N'Kono alibebwa mzobemzobe, mimi wa daraja la pili nitachomwa moto.

"Kunywa tuone," refa akaamuru.

Nikanywa. Ukwaju ulikuwa juani tangu asubuhi, umechacha mpaka unachemka wenyewe. Uso ukanikunjamana bila ruhusa yangu.

"Anageuka! Anageuka huyo!" Akina mama wawili wakabeba watoto wao wakakimbia.

Refa akafungua ule mpira wa baiskeli, akakunjua khaki. Halafu, Mungu amsamehe, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Saba, kushoto chini. Kumi, kulia chini. Nne, kushoto juu. Tisa, kulia chini..."

Uwanja kimya. Saba, tisa na kumi wakatazamana kama wanaume ambao simu zao zimeshikwa na wake zao. Refa akaridhika kwamba si uchawi, akamrudishia dogo karatasi.

Dogo akasimama kwenye mstari, uso kwangu, na hapo ndipo nilipoona mkono wake wa kushoto uko wapi. Jasho likanitoka. Miaka 14 nimeutazama mpira kutokea golini, siku moja tu nimepanda mwembe mgongoni kwa wapigaji, nimeandika kama shabiki! Kushoto kwangu ilikuwa kushoto ya mpigaji. Kwa dogo hiyo ni kulia. Karatasi nzima ilikuwa kinyume, na dogo huyu ni mtiifu, ukimwambia aruke kisimani ataruka.

Saba akaja. Amesikia "kushoto", anajua ni kweli, kwa hiyo akabadilisha, akapiga kulia kwake. Dogo akatii karatasi, akaruka kushoto kwake.

Ndiyo hukohuko. Akadaka, wala hakupangua.

Ilinichukua muda kuelewa. Nimekosea mimi, refa kanianika, wapinzani wamekimbia ukweli, na wote tumekutana kona moja. Kumi akawaza mno. Akakimbia, akasita, akapiga juu kule kwenye mwembe wangu. Nne alifunga, kwa sababu wakati refa anasoma alikuwa nyuma ya choo cha shule akijisaidia, hakusikia kitu. Akapiga kona yake ya siku zote, dogo akaruka nyingine, yeye na mpira hata hawakusalimiana. Tisa akabadilisha, akadakwa. Sisi tulikuwa tumepiga tatu na zote zimeingia, ikawa imekwisha.

Dogo akaja mbio, machozi yanamtoka. "Mwalimu, ulijuaje kama watabadilisha?"

"Uzoefu, mwanangu."

Mbuzi tulimla Jumapili. Jumatatu wakaja wenyeviti wawili wa timu za jirani, wanataka kujua ule ukwaju unapatikana wapi na kwa kiasi gani. Nikawaeleza habari za Köpke na kushoto na kulia, wakacheka, wakanikonyeza, wakaniachia elfu kumikumi. Wa tatu alikuja usiku. Alikuwa mwenyekiti wa timu tuliyoitoa, ana kuku mweusi kwapani, na aliniamkia shikamoo, wakati kwa umri ananizidi miaka kama ishirini hivi.