Kabla ya Kuuliza Gesi Iko Wapi, Uliza Majani Yalizikwa Wapi

Kila gesi ya Mtwara inapotajwa kwenye taarifa ya habari, hapa Mwanza hakosi mtu wa kuuliza: na sisi je? Ziwa lote hili, chini hamna kitu? Na tangu lianze kutandazwa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443 zinazopita Kagera na Geita, swali limeota pembe. Wapo wanaoamini kabisa kwamba bomba kubwa namna ile haliwezi kupita jirani bila kuwa na lake jambo humu ziwani. Mvuvi aliyeona mapovu yakichemka kwenye tope la mafunjo anakuapia kwamba gesi ipo, wakubwa wamenyamaza tu.

Msimamo wangu ni kwamba chini ya Ziwa Victoria, upande wetu huu, gesi ya kuchimba hakuna. Shahidi ninayemtegemea si mhandisi wala mbunge, ni mimea: majani, vipande vya magogo, mbegu na chavua vilivyozikwa zamani vikageuka visukuku.

Gesi asilia nyingi inayochimbwa duniani iliwahi kuwa kiumbe hai. Mwani wa majini ukizikwa na kuiva hutoa zaidi mafuta. Mafuta ya Hoima asili yake ni mwani wa maziwa ya kale katika bonde la ufa la magharibi, na yana nta nyingi kiasi kwamba bomba lake lazima lipashwe joto ili yasigande njiani. Mimea ya nchi kavu, yenye mbao na nyuzi ngumu, yenyewe hutoa zaidi gesi, na ikirundikana kinamasini huwa makaa ya mawe. Lakini kuiva huko kunataka kina. Kwa kawaida ukishuka kilomita moja ardhini joto hupanda nyuzi 25 hadi 30. Mabaki ya mimea yanahitaji joto la zaidi ya nyuzi 100 ndipo yaanze kutoa gesi ya maana, kwa hiyo yafunikwe na kilomita tatu, nne, za mchanga na matope, na yakae humo mamilioni ya miaka.

Sasa tulitazame ziwa letu. Ni kubwa kwa upana, si kwa kina: pale penye kina kirefu ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika inafika mita 1,470. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi. Lilizaliwa ardhi ya magharibi ilipoinuka ikaizuia mito iliyokuwa ikitiririka kuelekea huko. Na halikukaa muda wote na maji. Waliochoma mabomba kwenye tope la chini wakavuta sampuli walikuta tabaka la udongo mkavu uliowahi kupigwa jua, ushahidi kwamba ziwa lilikauka kabisa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Tope lenyewe, hata penye unene mkubwa, ni makumi ya mita. Jani lililozikwa mita 60 limepashwa joto nyuzi mbili tu. Haliwezi kuiva.

Na chini ya tope hilo? Graniti. Ndiyo hii ya Jiwe la Bismarck na ya vilima vya Bugando na Capri Point, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mimea ya nchi kavu ilianza kuonekana duniani chini ya miaka milioni 500 iliyopita. Jiwe letu lilipoganda hapakuwa na jani lolote mahali popote, na hata kama lingekuwepo lingeungua, kwa sababu graniti ni mwamba uliotokana na uji wa moto. Dhahabu ya Geita, sawa, hiyo ni mali ya miamba ya kale. Gesi ya mimea inatafutwa kwenye mashapo, yaani mchanga na matope yaliyorundikana tabaka kwa tabaka.

Kuhusu mapovu, mvuvi hasemi uongo. Ile ni methani kweli, na ukiiwasha inawaka. Ila inatengenezwa leo na vijidudu vinavyokula mafunjo na magugu maji yaliyooza, na inapotelea hewani leoleo. Ni gesi ileile ya mtambo wa kinyesi cha ng'ombe. Najua atatokea mtu wa kunitajia Kivu, ambako Rwanda inazalisha umeme kwa methani ya ziwani. Kivu ni ziwa la kina kirefu ambalo maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, ndiyo maana gesi inabaki imefungiwa humo. La kwetu hukorogwa na upepo kila mwaka.

Basi shahidi huyu anasomwaje? Hapa ndipo ninapopapenda. Jani zima, na kikonyo chake, linakwambia lilianguka kwenye maji yaliyotulia, karibu na mti wake. Vipande vya mbao vilivyosagika vinakwambia vimeletwa na mto kutoka mbali. Mizizi iliyosimama palepale ilipoota ni dalili ya kinamasi, na chavua ya mikoko inaonyesha kwamba bahari ilikuwa karibu. Ukiyapanga hayo tabaka juu ya tabaka unapata historia ya bonde zima: lini lilididimia, lini mto ulihama, lini bahari iliingia.

Kuna hata kipimajoto ndani yake. Wataalamu huyeyusha jiwe kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo inakula mwamba lakini haigusi ganda la chavua na la spora, chembe za uzazi za mimea isiyotoa mbegu. Ganda hilo likiwekwa chini ya hadubini, rangi yake inasema lilizikwa kwenye joto gani: kama chapati kikaangoni, huanza njano, hugeuka kahawia, mwisho nyeusi. Njano maana yake bado mbichi, nyeusi maana yake limeungua na gesi imekwisha kutoka. Vipande vya mbao navyo husuguliwa ving'ae, kisha hupimwa vinarudisha mwanga kiasi gani. Karibu asilimia 0.6 mafuta huanza kutengenezwa, na ukivuka 1.3 hivi umeingia kwenye gesi. Kinachonishangaza zaidi ni spora nyeusi ikiokotwa kwenye jiwe lililo juu ya ardhi leo. Hiyo inakwambia kwamba jiwe lile lilikuwa kilomita kadhaa chini, na mzigo wote uliokuwa juu yake umekwisha kumomonyoka. Hakuna mashine ya kupima miamba kwa mitetemo itakayokupa habari hiyo kwa urahisi huo.

Tanzania tuna kurasa nzuri za kitabu hiki. Kwenye bonde la Ruhuhu, kusini, makaa ya mawe ya Mchuchuma na Ngaka yako katika miamba ya zama za Glossopteris, mmea wenye jani la umbo la ulimi uliotawala misitu ya kusini mwa dunia hadi miaka milioni 252 hivi iliyopita. Jani hilohilo lilikutwa kwenye mawe yaliyobebwa na kikosi cha Robert Scott huko Antaktika mwaka 1912, nalo ni mojawapo ya sababu za kuamini kwamba mabara haya yaliwahi kuungana. Karibu na sisi zaidi ni Mahenge, mkoani Singida, ambako ziwa dogo la kreta, yaani shimo la volkano, lilihifadhi majani ya jamii ya mikunde ya miaka milioni 46 hivi, pamoja na samaki, wakiwemo ndugu wa kale wa furu wetu. Na ng'ambo, ziwani humuhumu, kisiwa cha Rusinga nchini Kenya kina matunda na mbegu za miaka milioni 18 hivi. Watu wanaijua Rusinga kwa fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale, aliloligundua mtafiti Mary Leakey mwaka 1948. Mimi naona zile mbegu zimeonewa.

Zimeonewa kwa sababu tumezoea kushangilia mtambo wa kuchoronga tu. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982, ukaja ugunduzi wa bahari kuu kuanzia mwaka 2010, na leo tunataja futi za ujazo trilioni 57 kama tunavyotaja magoli. Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Nyamagana gesi hiyo ilikuwa nini kabla ya kuwa gesi, uone. Somo la jiografia linataja makaa ya mawe kwa mistari michache, kisha kengele inalia. Mwalimu angeleta kipande kimoja cha makaa chenye alama ya jani, kingefanya kazi kuliko michoro yote ya ubaoni.

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, pa kutazama ni Eyasi Wembere, bonde ambalo Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likilitafiti, linalogusa Simiyu na Singida. Hilo ni bonde la ufa, linadidimia na kupokea mashapo, kwa hiyo swali la gesi au mafuta kule ni swali halali. Ombi langu kwa wahusika ni dogo: mkitangaza matokeo, msituambie tu visima vingapi na mita ngapi. Tuambieni kwa Kiswahili mashapo yana unene gani, mmekuta mwani au mbao, na spora zilikuwa na rangi gani. Zikiwa bado za njano, semeni hivyo pia, na vijana wetu wajue mapema kwamba hakuna sababu ya kukimbilia kununua viwanja.