Halikuishiwa Mafuta

Naanza na lile linaloniuma zaidi: halikuishiwa mafuta.

Ile video ya gari langu kukwama kivukoni mmeshaiona, msijifanye. Shemeji yangu aliirusha kwenye kundi la ukoo kabla sijafuta jasho, jioni ikawa imeshatua kwenye kundi la mtaa, na Jumapili mzee wa kanisa akanishika mkono kwa upole akaniuliza kama siku hizi mambo ni magumu. Kisa? Maneno aliyoweka chini yake: "Tajiri wa gari la spoti kaishiwa mafuta kivukoni." Uongo mtupu. Tangi lilikuwa na zaidi ya lita 40. Gari lile, Mazda RX-8 yangu, lilizidiwa mafuta, na tofauti yake nitawaeleza hata kama mtasoma mmejishika mbavu.

Kinachonitesa ni kwamba mimi ndiye mnayempigia simu mkitaka gari la mkononi. Mimi ndiye nalala chini ya Ractis ya mtu pale Nyakato, hapa Mwanza, na tochi ya simu mdomoni, natafuta oili inavujia wapi. Sasa simu zinazoingia ni za kuniuliza kama nahitaji kidumu.

Nilitaka gari la spoti la kuendea kazini kila siku, Buhongwa hadi mjini na kurudi, siyo la kuosha na kuegesha. Na msiseme nilikurupuka. Nilianza na Altezza kama kila mtu mwenye akili zake: milango minne, spea zipo, hakuna fundi wa Igogo asiyeijua. Shida ni kwamba nyingi zilizobaki zimeshachezewa. Springi zimekatwa kwa grainda. Kadi inasema injini ni 3S, ukifunua boneti unakutana na 1G ya silinda sita imekaa kimya kama mgeni asiyealikwa. Ukimuuliza muuzaji taiming belti ilibadilishwa lini, maana ya 3S inataka mpya kila kilomita 100,000, naye akajibu "hii haina mambo ya belti", mshukuru kwa muda wake uondoke.

Nikajaribu Celica yenye 2ZZ. Injini ile ina kamu kali (kamu ndiyo inayofungua valvu) inayoshika kuanzia mizunguko kama 6,200 kwa dakika. Ukikanyaga mpaka hapo na gari lisibadilike sauti wala nguvu, shuku bolti za ile mitambo ya kamu, maana kwenye matoleo ya mwanzo zilikuwa na tabia ya kukatika. Ile niliyoipeleka barabara ya Airport haikubadilika kitu ila uso wa dalali. Kuna Impreza ya turbo nayo niliiacha palepale ilipowashwa ya baridi ikagonga ka-ka-ka-ka. Mwenyewe akasema ni ekzosti. Ekzosti haigongi kama nyundo ya seremala, ndugu yangu. Hizo zinaweza kuwa beringi za kranki, na zikiwa ndizo umenunua injini nyingine.

Ndipo ikaja RX-8 ya 2004, nyekundu, otomatiki ya gia 4.

"Cc 1,300 tu, bosi! Hii ni Vitz iliyovaa suti."

Hapo dalali alitaka kunipiga changa la macho. Cc 1,308 ni kweli, kadi inasema hivyo: rota mbili zenye umbo la pembetatu zinazozunguka badala ya pistoni, kila moja cc 654. Lakini mjini inakwenda kilomita 6 au 7 kwa lita, na inachoma oili kwa makusudi. Kuna pampu ndogo inanyunyizia oili mle ndani ili sili za kwenye ncha za rota zisikwaruze. Ndiyo maana mwenye gari hili hupima stiki ya oili kila anapojaza tangi mara ya pili. Asiyepima, siku moja hununua injini.

Nikalipima kama inavyopaswa. Endesha mpaka mshale wa joto utulie katikati, zima, kaa dakika kumi, washa tena. Rota iliyochoka huwaka vizuri ikiwa baridi, ikipata moto ndipo inakataa, kwa hiyo muuzaji anayekukaribisha saa moja asubuhi "kabla hakujawa na foleni" ana sababu zake. Hili liliwaka mara moja. Kisha kompresheni, yaani injini inavyobana hewa: kwa namba kamili unahitaji kipimo maalumu cha rota, na kiwango cha chini ni kilo 6.9 kwa sentimita ya mraba, stata ikizungusha mara 250 kwa dakika. Sikuwa nacho. Nilitumia kile cha kawaida nikakitoa kivalvu chake kidogo, nikatazama sindano inavyoruka, mruko mmoja kwa kila uso wa rota, mitatu mitatu. Miruko ikilingana, endelea na mazungumzo. Mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake, nenda kanywe chai. Yote ililingana. Nikabadilisha koili 4 na plagi 4 siku hiyohiyo bila kusubiri ziniaibishe.

Kwa kifupi nilichagua vizuri. Kosa si la gari, na wale mnaotaka kuandika "si tulikwambia" futeni.

Gari hili lina mwiko mmoja: usilizime likiwa la baridi. Injini baridi humwagiwa petroli nyingi ili iwake. Ukizima kabla haijapata moto, petroli inabaki mle ndani, inaosha oili kwenye sili, kompresheni inashuka, plagi zinalowa, na safari inayofuata unaweza kupiga stata mpaka Yesu arudi. Ukilazimika kuzima, piga resi hadi 3,000 kwa sekunde kama kumi kwanza, iungue iliyobaki. Nilikuwa nimeandika kabisa na kubandika kwenye dashibodi: USIZIME BARIDI. Mkisimamisha video sekunde ya 17 mtaiona ile karatasi.

Jumamosi nilikuwa namrudisha mama mkwe kwake, upande wa Sengerema. Alikaa nyuma, maana mbele anasema barabara inamjia usoni. Mlango wa nyuma wa RX-8 haufunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza, naye alisimama akautazama, akasema, "Kumbe huu unaomba ruhusa kwa mwenzake." Shemeji, aliyekaa mbele, akauliza kwa nini tusipite daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za lami juu ya maji, limefunguliwa tangu Juni 2025, kivuko cha nini tena? Jibu la kweli ni kwamba nilitaka picha. Gari jekundu juu ya kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck, lile jabali maarufu la ziwani, nyuma yake. Nilimwambia ni njia ya mkato.

Tulifika saa 12 asubuhi, tukakosa nafasi. Gari likakaa zaidi ya saa nzima likipigwa na upepo wa ziwa, likapoa kama uji wa jana. Kisha ikaanza ile ya "sogea kidogo." Nikawasha, nikasogea mita mbili, nikazima. "Sogea tena." Nikawasha, mita tatu, nikazima. Kwa nini nilizima? Kwa sababu linakula mafuta! Nilikuwa nabana matumizi! Mara tatu kwenye foleni, ya nne juu ya kivuko, mahali pa kwanza kabisa mbele, pale picha inapokaa vizuri. Na kwa nini sikupiga resi? Mama mkwe alikuwa ameshashuka na abiria wengine, amesimama hatua tatu kutoka kwenye ekzosti. Wewe ungepiga resi 3,000 miguuni pa mama mkwe wako? Haya.

Picha ilitoka nzuri sana, kwanza.

Kivuko kikagusa Kamanga. Mlango wa chuma ukashuka taratibu. Nyuma yangu Fuso la saruji, nyuma yake Coaster, kisha Noah mbili na bodaboda kama nzige. Abiria wa miguu walikuwa wameshashuka na, sijui kwa nini, hawakuondoka. Walijipanga pale juu kama watu wanaosubiri ngoma ianze.

Nikazungusha ufunguo.

Injini ya pistoni ikikataa hunung'unika kwa vituo: nyu, nyu, nyu. Rota iliyolowa hainung'uniki. Inalia mfululizo, laini, haraka, kama cherehani isiyo na kitambaa: wiiiiiiii. Tumbo langu lilielewa kabla ya kichwa.

Nikaacha. Harufu ya petroli ikapanda mpaka ndani. Kuna dawa yake, na mimi ninaijua: kanyaga pedeli ya mafuta mpaka sakafuni ndipo upige stata. Kompyuta inafunga nozeli zinazomwaga petroli, stata inabaki kupuliza petroli nje. Sekunde kumi, pumzika, rudia. Nikakanyaga. Wiiiiiiii. Moja, mbili, tatu... Fuso likapiga honi. Saba, nane... Coaster ikaitikia. Kumi. Nikapumzika kama kitabu kinavyotaka, mikono juu ya usukani, macho mbele, sura ya mtu anayesubiri taa zimruhusu. Kamanga hakuna taa.

Mara ya pili ekzosti ikatema "pfu!" na wingu moja jeupe. Watu wakashangilia. Mara ya tatu betri ikaanza kuaga: wiiii... wii... wi.

"Tajiri, toa chombo!" Huyo ni wa kivukoni.

"Tikisa tangi, braza!" Huyo simjui na sitaki kumjua.

Kijana mmoja wa boda, mwenye nia njema kabisa, akaja dirishani. "Usijali mkuu, sisi tunasukuma, wewe tia namba mbili, likishika mwendo achia klachi."

"Ni otomatiki," nikasema.

Kimya kilichofuata, nilisikia maji yakipiga ubavu wa kivuko.

Basi ikabaki kusukumwa hivihivi. Nikaweka nyutro. Injini ikiwa imezimwa usukani unakuwa mzito kama wa trekta, na breki ukishaikanyaga mara mbili tatu inakuwa gogo. Watu sita wakashika buti. Tukashuka vizuri mpaka pale mlango wa chuma unapokutana na ardhi. Tumbo la RX-8 liko kama sentimita 12 tu kutoka chini, na pale pana pembe. Mdomo wa bampa ukatangulia: krrrrrrr. Sauti ndefu. Mtoto mmoja akaziba masikio. Tukasimama, magurudumu ya mbele Sengerema, ya nyuma bado Mwanza.

Ndipo mama mkwe akaja dirishani.

"Baba, kuna shida gani?"

Ningeweza kusema plagi zimelowa. Lakini aibu ina maneno mengi. Nikajisikia nasema, "Mama, injini ya ukoo huu ilishinda mbio za Le Mans mwaka 1991. Saa 24 nzima."

Akalitazama gari. Akakitazama kivuko. "Saa 24? Hapa tumekuja nusu saa, tena limebebwa."

Halafu akamkabidhi shemeji kikapu. Shemeji akakipokea kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umeshika simu. Akakaza kanga kiunoni, akaenda nyuma. Nikapiga kelele, "Mama, hapana, mama, tafadhali!" lakini kioo cha umeme kilikuwa wazi kidogo tu na betri haikuwa na nguvu ya kukishusha zaidi. Mimi, ambaye nyumbani nikimsikia mama mkwe koridoni narudi chumbani ampite kwanza, nikamwona kwenye kioo cha nyuma ameweka viganja viwili kwenye buti langu.

"Haya, wanaume! Moja, mbili..."

Kwenye video yule wa katikati, ambaye kanga yake imeandikwa "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu", ndiye yeye. Mlidhani ni muuza dagaa.

Likatoka. Mengine hayana urefu: fundi wa pale akaingiza mkono upande wa kushoto chini, akatoa plagi zote 4 (za chini na za juu hazifanani, nikazitia alama zisichanganywe), tukachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, tukazungusha stata kwa betri ya kuazima, petroli ikaruka kama bomba la bustani, tukaanika plagi, tukatia oili kidogo kwenye kila tundu, tukarudisha. Likawaka kwa moshi uliomfunika mama lishe na sufuria zake, nikanunua chapati zote. Mama mkwe alikuwa ameshapanda Coaster. Mdomo wa bampa uko kwenye buti. Shemeji tunasalimiana kwa kichwa.

Jana usiku simu ikalia: nimepokea shilingi 20,000. Ujumbe ukafuata. "Baba, ongezea mafuta usikwame tena njiani. Wabusu wajukuu."

Nikaanza kuandika: Shikamoo mama. Ukweli ni kwamba halikuishiwa mafuta, ila injini ya rota ikizimwa kabla haijapata moto... Nikafika kwenye sili za ncha. Nikafuta yote.

"Asante sana mama. Nimejaza."