Hata simiti hailali stoo miaka 11

Wacha niulize hapa juu nyumbani mama watoto amechoka na hii stori. Mtu anafaa kukaa kazi moja miaka mingapi kabla watu waanze kumuonea huruma? Juu mimi niko na 11, hadiwea moja hapa Nakuru, sitaitaja jina bado nakula huko.

Mimi ndio mtu wa stoo. Na kama hujawahi fanya stoo hujui simiti ni kama maziwa, haikai. Inavuta unyevu wa hewa, ikipitisha kama miezi 3 inaanza kushika mabonge ndani ya mfuko, fundi akija kuchanganya anapata mawe anakuletea matusi. Kwa hivyo kila Jumatatu kazi yangu ni kugeuza, ya kwanza kuingia ndio ya kwanza kutoka, mifuko ya zamani mbele ya leo nyuma, chini tunaweka mbao isiguse sakafu, na isiegemee ukuta. Hiyo sheria nimewafundisha vijana wote wamepita hapo, na wamepita wengi, mimi nikiwaaga.

Sasa juzi nimebeba mfuko, kilo 50 mgongoni, nikaangalia tarehe nikasema huyu amelala sana, huyu atoke leo leo. Kijana wa mkokoteni akasimama akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia, akauliza polepole, "Na wewe buda, uliingia lini?"

Sijalala vizuri tangu hiyo siku.

Niliingia 2014. Wakati huo Nakuru ilikuwa mji tu wa kawaida, vumbi na matatu. Desemba 2021 Rais akakuja akaipatia karatasi ikawa jiji, watu wakacheza, mimi pia nikacheza hapo barabarani na uniform ya kazi. Ni mpaka usiku nikiwa kitandani ndio hesabu ilinishika: yaani mji mzima umepandishwa cheo, na mabomba yake yote na mitaro yake imeziba, na mimi bado niko stoo! Alafu wanasema jina Nakuru lilitoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Saa zingine nikijipangusa jioni naona walikuwa wananiongelelea mimi.

Si ati sijapandishwa kabisa. Miaka 3 sasa mimi ni kaimu msimamizi. Kaimu ni neno tamu ukilisikia mara ya kwanza, maana yake ni unabeba lawama za msimamizi na mshahara wa stoo. Nikiuliza mdosi ananishika bega, "sisi hapa ni familia." Sawa, lakini kwa familia yetu mimi ndio yule mtoto huwa anatumwa dukani.

Alafu kuna kijana wa dada yangu, ako Kisumu. Miaka 4, kazi 5. Alianza duka la simu hapo Oginga Odinga Street, akaenda kuuza sola, akaenda sijui wapi, sai ako ofisi ya viyoyozi Milimani na mshahara wake sitaki kuuandika hapa juu mama watoto anasoma simu yangu. Ananiambia, "Anko, anayehama ndio anauliza bei, anayekaa anapewa soda ya Krismasi." Uchungu ni kwamba ni kweli. Krismasi iliyopita tulipewa soda. Na kikalenda.

Nami nikamjibu kama mtu mzima. Nikamwambia wewe kila mwaka uko probesheni, ile ya kujaribiwa kazi, sheria ya ajira ya 2007 inasema probesheni ni miezi 6, na wakiongeza lazima ukubali na isipite 12, lakini wewe ukimaliza ya hapa unaenda kuanza ya pale, ni kama mtu anapeleka mahari kila Desemba nyumba tofauti. Nikaongeza, hata likizo, sheria imekupatia siku 21 za kazi kwa kila miezi 12, wewe umewahi kuzikula zote mahali? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Na wewe anko umekula ngapi?"

Nikakata simu nikasema ni netiweki.

Ukweli ni kila nikiomba likizo mdosi anauliza nani atajua misumari ya mabati iko wapi. Na mimi, mjinga, hapo kifua kinapanda, naona kweli duka litaanguka. Misumari ya mabati iko nyuma ya mlango. Imekuwa nyuma ya mlango miaka 11.

Kuna kitu kingine kilikuwa kinanizuia, wacha niseme ukweli. Nilikuwa nimejipigia hesabu ya sevisi, ile pesa ya kukaa miaka mingi, nimezidisha na kalkuleta ya duka mpaka nimeshachagua ng'ombe. Nikaenda kuuliza jamaa anaelewa mambo ya leba, akaniuliza swali moja tu, unakatwa NSSF, ile akiba ya uzeeni? Nikasema eeh, kila mwezi. Akasema basi hiyo sevisi haikuhusu, yako ndio hiyo ya NSSF. Ng'ombe akafa hapo hapo na sikuwa nimemnunua.

Ndio nikaamua potelea mbali. Alhamisi moja nikamwambia mdosi jino linaniua, nikapitia kwa kinyozi Free Area nikavalia huko ndani suti ya harusi, shati likakataa kufunga kifungo cha juu, nikaenda intavyuu. Nikapata mama mmoja amevaa miwani, mpole sana. Anwani akaona nimeandika London, akainua kichwa, nikamwambia ni ile ya hapa, ukipanda matatu unafika. Alafu akaniuliza, "Miaka 11 mahali pamoja, huoni una shida ya kubadilika?"

Sasa nisaidieni. 2013 niliketi kwa kiti kama hicho, nilikuwa nimetoka kazi fulani baada ya miezi 4, wakaniuliza, "Mbona hukai mahali?" Miezi 4 ni mhuni, miaka 11 ni mti. Katikati hapo mahali fulani kuna namba ya mtu mwenye akili, na nadhani niliipita 2017 hivi nikigeuza simiti.

Akamalizia, unajiona wapi miaka mitano ijayo? Nikafungua mdomo niseme ile kitu nilikuwa nimekariri usiku kucha. Ikatoka, "Stoo."

Nikirudi kazini mdosi ananiuliza ni jino gani. Nikamwonyesha la kushoto. Sasa wiki mbili natafuna mandazi ya saa nne na upande wa kulia, na jana mdosi akipita nikasahau nikatafuna na zote, akasimama, ikabidi nishike shavu nilie kidogo.

Basi nikasema bila kazi ingine, naandika tu. Nikaenda saiba nikachapiwa barua safi, notisi ya siku 28, tarehe, sahihi, kila kitu. Asubuhi nikampelekea. Alikuwa kwa simu, miwani ako nayo juu ya kichwa, akaichukua akaangalia kama sekunde mbili, akaigeuza, akachukua kalamu kwa sikio akaandika huko nyuma: chuma D10 vipande 40, waya ya kufungia rola 1, misumari inchi 4 kilo 10. Akanirudishia. "Hii ni ya yule fundi wa Kiamunyi, ana haraka."

Nikasimama hapo na barua yangu. Sijui mngefanya nini nyinyi. Mimi nilienda nikapakia.

Jioni simu ikalia, ni fundi. Akaniambia, "Mzee wa stoo, nimesoma hii karatasi pande zote mbili, pole sana. Lakini kabla utoke, misumari imepungua kilo 2."

Nikamwambia kesho saa mbili nitakuwa hapo.