Deni la Chupa Tupu

Chuoni tulifundishwa uchambuzi na usanifu wa mifumo, yaani kuchunguza kazi inavyofanyika kabla ya kuiundia programu, muhula mzima, na muhula wote huo hatukutoka nje ya darasa hata siku moja. Mfano ulikuwa maktaba. Ukimaliza maktaba unaingia hoteli, kisha hospitali. Maktaba yenyewe haikuwa popote duniani: mwanachama anaazima kitabu, anakirudisha, akichelewa anatozwa faini, basi. Tukachora miduara na mishale, tukapata alama zetu, tukarudi makwetu tukijiita wachambuzi.

Mimi nilirudi Kisumu, nikajinadi kwa shangazi yangu. Waya, tunavyomwita nyumbani, anauza soda kwa jumla karibu na soko la Kibuye. Hesabu zake zote zimo kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, kalamu ya buluu na nyekundu zimefungwa kwa uzi mmoja.

“Waya, nipe wiki mbili tu. Hili daftari utalitupa.”

“Sawa, mwanangu. Lakini tusilitupe kabla sijaiona hiyo yako.”

Wiki mbili zikaisha, programu ikawa tayari. Ilikuwa nzuri kwa macho, hilo sikatai. Ukurasa wa kwanza uliuliza jina kamili la mteja, namba ya simu na namba ya kitambulisho. Niliijaribu Jumatano, siku duka limepoa, ikaenda vizuri kabisa. Jumapili ndiyo siku ya Kibuye kufurika, na mikokoteni ilikuwa imeshapanga foleni kabla hata sijawasha laptopu.

Mteja wa kwanza nikamwomba kitambulisho. Akacheka. “Kwani nimekuja kwa chifu?” Nikaruka hapo. Kreti ya soda ina chupa 24. Yeye alileta kreti yenye chupa tupu 22, mbili zilivunjika matangani.

“Andika mbili,” Waya akaniambia.

“Mbili nini?”

“Chupa mbili. Atazileta Alhamisi.”

Programu yangu ilijua shilingi tu. Nikaweka bei ya chupa mbili kama pesa anazodaiwa, mteja akaona jumla imepanda, akaanza kulalamika kwamba soda imeongezwa bei bila taarifa. Wakati namtuliza akaja mwingine na kreti tatu tupu, anataka kuchukua mbili zilizojaa. Sasa duka ndilo lililokuwa na deni lake, kreti moja. Programu ikakataa: nilikuwa nimeiwekea sharti kwamba deni haliwezi kwenda chini ya sifuri, na nilipoandika sharti hilo nilijiona hodari. Ilipofika saa nne na nusu Waya akafunika laptopu polepole, kama mtu anayefunika sufuria ili chakula kisipoe, akavuta daftari kutoka chini ya kaunta. Foleni ikaanza kutembea.

Mwaka 1976 Peter Chen alichapisha njia yake ya kuchora data: unatafuta vitu vilivyomo katika kazi, kisha uhusiano wa kitu na kitu. Swali la njia hiyo nililijibu kwenye mtihani na nikapita. Ila kaunta ya Waya sikuiona kwa jicho hilo. Soda ikishanyweka imekwisha, chupa haijaisha. Inatoka, inazunguka mitaa ya Kondele na Manyatta, inarudi, na mtaji wa duka umelala ndani yake. Chupa ni kitu kinachojitegemea, na deni lake halilipwi kwa shilingi bali kwa chupa nyingine. Mchoro wangu ulifuata kanuni zote. Ulikosa chupa tu.

Ningeweza kulilaumu somo, na kusema kweli nalilaumu kidogo, kwa sababu linaanzia mwisho. Linakupa alama za kuchorea kabla hujapata cha kuchora. Na pale linapogusa watu linakwambia uandae hojaji. Ningempa Waya hojaji, asingeandika neno hata moja kuhusu chupa tupu. Si kwamba anaficha. Jambo unalolifanya kila siku kwa miaka hulioni tena kama jambo la kusimulia. Lazima mtu mwingine asimame pale alione likifanyika.

Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za biashara, LEO, haikutoka kwa wanasayansi wa roketi. Ilijengwa Uingereza na J. Lyons, kampuni ya migahawa ya chai, na Novemba 1951 ikaanza kupiga hesabu za bidhaa za kuoka. Miaka mingi kabla ya mashine hiyo, Lyons walikuwa na ofisi nzima ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi makarani wao wanavyofanya kazi. Uchambuzi ulitangulia, kompyuta ikaukuta.

Siku hizi naambiwa yote haya yamepitwa na wakati, kwamba kuna akili bandia inayoandika programu kwa saa moja. Ni kweli, nimeitumia. Ningekuwa nayo wakati ule, mfumo wangu mbovu ungekuwa tayari kabla ya chakula cha mchana badala ya wiki mbili.

Nilirudi dukani Jumapili tatu mfululizo bila laptopu. Nilibeba kreti, nikawa na daftari dogo la shule mfukoni. Namba ya kitambulisho niliifuta: hakuna kazi iliyoihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kukusanya habari za watu kwa sababu tu kuna nafasi ya kuzijaza. Jina kamili likatoka, likaingia jina ambalo Waya humwitia mteja. KRA, mamlaka ya kodi, na eTIMS, mfumo wake wa ankara, nikawachora pembeni kama watu ambao hawafiki dukani lakini lazima wapelekewe ankara. Chupa ikapata jedwali lake, na deni likaruhusiwa kwenda pande zote mbili.

Likabaki duara jekundu. Kwenye daftari baadhi ya majina yamezungushiwa kalamu nyekundu, nikadhani ni wadeni sugu. Nikamuuliza. Huyu amefiwa, asidaiwe mpaka mazishi yapite. Huyu mumewe hajui kwamba anakopa. Huyu, akasema, muache tu.

Nilikuwa nimeshatengeneza kisanduku chake kwenye skrini. Nikakitoa. Skrini ile inatazama nje, kila anayesubiri soda anaweza kuisoma, na kijana anayemsaidia Jumamosi ana mdomo. Chupa sasa zinahesabiwa na mashine. Daftari bado liko chini ya kaunta, na kalamu ya buluu imekauka.