Kompyuta Yangu Haijatimiza Vigezo

Asubuhi moja nina mama wa watu kasimama mbele ya meza yangu, anasubiri wasifu wa marehemu, mazishi ni kesho Uru, kamati inampigia simu bila kupumua. Nimeshabonyeza kuprinti. Printa imeshakohoa ile kohoo yake ya kwanza. Ghafla kioo chote kikageuka bluu.

Si ile bluu ya kufa. Ile naijua, tumeshazoeana. Hii ilikuwa bluu ya kistaarabu, ina picha nzuri na maandishi makubwa: asante kwa kuwa nasi, ila kompyuta yako haijatimiza vigezo vya kupanda kwenda Windows 11. Chini wameniwekea vitufe: jifunze zaidi, au nikumbushe baadaye. Kitufe cha "niache nifanye kazi" hakuna.

Haijatimiza vigezo! Maneno haya nimezoea kuyasoma kwenye majibu ya maombi ya kazi ya watoto wetu. Sikujua na vyombo vya ndani navyo vinaombewa kazi.

"Baba, ndiyo wasifu huo?" mama akauliza.

"Hapana mama, hiyo kompyuta inaniaga."

Ndiyo hivyo, tangu Oktoba 14, 2025 mimi na kibanda changu cha steshenari hapa Pasua tumeingizwa kwenye kundi la watu wasio na sapoti. Windows 10, programu inayoiendesha kompyuta yangu, imefungiwa duka. Sasa mimi najiuliza, sapoti ipi hiyo niliyonyang'anywa? Tangu nimefungua kibanda hiki sijawahi kupigiwa simu kutoka Marekani nikaulizwa, mangi, umeamkaje, printa imelalaje, umeme upo? Wanasema kuna marekebisho ya usalama yalikuwa yanakuja kimyakimya, na sasa yamekoma, kwa hiyo wezi wataingia kupitia mtandao. Wezi wa mtaa huu wanaingilia juu ya bati. Toleo hawaulizi.

Na kinachouma ni kwamba tulipewa ahadi. Mwaka 2015, Windows 10 inatoka, mmoja wa watu wa Microsoft, kampuni inayoitengeneza, alisimama mbele ya mkutano akasema hii ndiyo Windows ya mwisho. Ya mwisho! Sisi tukaipokea kama kitinda mimba, tukaidekeza, tukaijazia kila kitu. Mwaka 2021 tunasikia kuna mdogo wake.

Basi nikamwita fundi.

Fundi mwenyewe ni kijana wa kule karibu na stendi, jina lake nalihifadhi kwa sababu mama yake tunasali naye. Alisema yuko njiani. Watu wa Moshi mnajua "niko njiani" inasemewa wapi: kitandani. Alipofika, yule mama wa marehemu ameshakaa kwenye benchi, mwalimu mmoja mstaafu yupo anasubiri kutoa kopi za karatasi zake za mafao, na kijana wa bodaboda kaegesha mlangoni, hana shida yoyote ya steshenari, kavutiwa tu na kikao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Iangalie."

Akaweka begi chini, akatoa hedfoni sikioni moja, nyingine akaiacha, akaanza kubonyeza. Hakuniuliza lolote. Aliandika vitu, kikafunguka kidirisha kidogo, akakisoma, akanyamaza. Akanigeukia taratibu.

"Mzee, huna TPM."

Yule mama akashika kifua. "Mungu wangu! Inaambukiza?"

"Hapana mama, ni chipu. Inakaa kwenye mazabodi, inatunza funguo za siri. Windows 11 haiingii bila TPM toleo la 2.0. Hii ya mzee haina kabisa."

Funguo za siri. Nikajiuliza kwenye hii kompyuta nina siri gani ya kuwekewa chipu. Kuna barua za maombi ya kazi za nusu ya vijana wa Pasua, zote zinasema "ninajituma na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Kuna kadi za michango. Kuna mitihani ya nusu muhula ya shule moja ambayo sitaitaja. Hapo mwalimu mstaafu akakohoa.

"Halafu prosesa, ubongo wa mashine," fundi akaendelea, sasa kapata darasa. "Kwa Intel wanaanzia jenaresheni ya nane. Mzee uko ya tatu."

"Yaani wa darasa la tatu anapewa mtihani wa darasa la nane," mwalimu akasema.

"Ndiyo hivyo mwalimu."

"RAM je?"

"Wanataka GB 4. Anazo nne. Kapita."

"Diski?"

"Wanataka GB 64, yeye ana mia tano. Kapita."

"Mbili kapita, mbili kafeli," mwalimu akaandika hewani kwa kidole. "Enzi zetu huyu alikuwa anarudia darasa, hafukuzwi shule."

Mimi nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, ndani ya kibanda ninacholipia kodi mwenyewe, najadiliwa. Bodaboda naye akatoa neno: si ununue nyingine tu mangi, una hela wewe. Hii imani kwamba kila Mchaga mwenye mlango wa bati ana hela imefukiwa mahali, mimi sijui aliyeieneza ni nani, lakini akipatikana tuzungumze.

Nikajikaza. Nikamuuliza fundi kwa sauti ya mzee wa kanisa: "Kijana wangu, njia zipo zipi?"

"Ya kwanza, nikutafutie dekstopu ya mtumba, jenaresheni ya nane, safi, imetoka Dubai. Laki nne na nusu."

"Ya pili?"

Akasogea. Akapunguza sauti, na kikao chote kikasogea naye.

"Ya pili, tunaizuga."

"Tunamzuga nani?"

"Windo lenyewe. Natengeneza flashi, natoa kile kipengele kinachouliza habari za chipu. Inaingia 11 kama kawaida, haiulizi kitu."

"Kwa hiyo kompyuta yangu itasema uongo."

"Haisemi uongo mzee. Haiulizwi."

Nikamtazama mama wa marehemu, mama akatazama chini. Mimi kila Jumapili nasimama na kapu la sadaka. Siku hiyo nimeletewa hoja kwamba asiyeulizwa hajadanganya, na imeletwa na mtoto niliyemshika ubatizoni. Lakini sikuikataa papo hapo, nikataka kuielewa vizuri, maana kuelewa si dhambi.

"Na wakija kugundua?"

"Hawaji, mzee. Ila marekebisho yanaweza kugoma huko mbele. Wenyewe walishasema mashine zisizo na vigezo hawazipi dhamana."

"Subiri. Hivi sasa sina sapoti."

"Ndiyo."

"Nikikulipa, nitakuwa sina dhamana ya sapoti."

"Ndiyo, ila utakuwa na 11."

"Shilingi ngapi hiyo ya kutoka kwenye kukosa kwenda kwenye kukosa?"

"Elfu thelathini. Bando ni la kwako, maana faili lenyewe linazidi GB 5."

"GB tano!" bodaboda akashika kichwa. "Mangi, hizo mimi naangalia Simba na Yanga mpaka wazeeke!"

Hapo heshima ilianza kunitoka. Nikasimama. Nikawaambia, jamani, mashine hii inawaka. Inaandika. Inaprinti. Haijawahi kunidai mshahara. Mtu mzima unaamka asubuhi unaambiwa kitu chako kizima ni kibovu kwa sababu hakina kitu ambacho jana hukujua kama kipo! Nilikuwa nimefika mahali pazuri sana, mwalimu anatikisa kichwa kukubali, ndipo fundi akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya kioo, kulia, kwenye yale maandishi ya kijivu.

"Halafu mzee, hili windo lenyewe halijaamilishwa. Leseni hakuna."

Kimya.

"Nani alikupigia windo hili?" akauliza, na dharau kidogo juu.

"Wewe."

Akarudisha hedfoni sikioni. Na umeme ukakatika, kikao kikafungwa bila sala.

Tangu hapo kila mtu ana ushauri. Mpwa wangu aliyeko Dar anasema achana nao wote, weka Linux, windo la watu wengine, la bure, lililoanzishwa na Mfini mmoja, Linus Torvalds, mwaka 1991, mashine kuukuu kwake ndiyo nyumbani. Nilimkubalia nikajaribu kwenye laptopu yake alipokuja Krismasi. Nikafungua kadi ya harusi niliyoipanga kwa mapenzi yote. Herufi zikabadilika, mistari ikasukumana, bwana harusi akabaki ukurasa wa kwanza na bibi harusi akahamia wa pili, peke yake, chini ya menyu. Nani ataieleza familia ya binti hiyo?

Mhasibu wetu mmoja hapa jirani bado yuko kwenye Windows XP, ambayo ilikatiwa sapoti Aprili 2014. Anaifungua kwa kuigonga ubavuni. Hesabu zake zinafunga kila mwezi.

Printa nayo ina maoni. Draiva yake, ile programu ya kuitambulisha kwa kompyuta, ilikuja kwenye CD, CD ikageuzwa mapambo ya kufukuza ndege kwenye mahindi huko nyumbani, na fundi hana uhakika kama 11 itaitambua. Kwa hiyo nikipanda windo, huenda nitanunua na printa, na nikinunua printa, wino wake utakuwa ule wa bei ya mbuzi.

Kuna na mlango wa pembeni, wa kuongezewa mwaka: marekebisho yaendelee hadi Oktoba 13, 2026 kwa dola 30, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya elfu sabini. Au unaweza kupata bila kulipa ukikubali kuingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yako kwao. Mimi kabla sijagonga mlango huo itabidi kwanza niyaelezee yale maandishi ya kijivu, kwa hiyo nimepita kwa mbali kama simuoni mtu.

Mama watoto yeye alisikiliza hadithi yote, akauliza jambo moja: laki nne na nusu, na ada ya Januari italipwa na chipu?

Mniambie ni lini tutaachwa tulipe kitu kimoja tukae nacho. Televisheni zetu zilikuwa nzima, kuanzia Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa mkoa kwa mkoa, tukanunua ving'amuzi. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ikaisha, hilo sawa, mitaro inashukuru, ila vikapu tulinunua sisi. Januari 2020 tukapanga foleni juani kuwekea laini alama za vidole, tena vidole vyenyewe vya wazee wetu vilivyofutika kwa jembe, mashine inakataa, "rudia mama, bonyeza vizuri mama". Kila wakati sisi ndio tusiotimiza vigezo. Hakuna hata siku moja kimekuja kitu kipya kikasema, nyie bakini mlivyo, nitajirekebisha mimi. Hata bati la kibanda hiki nilipotaka kubadilisha moja, fundi bati alisema mgongo huu hautoki tena, tubadilishe yote. Yote! Kwa tundu moja lililo juu ya benchi ya wateja, ambalo hata hivyo huwa nawaambia wasogee.

Basi kila asubuhi nabonyeza nikumbushe baadaye. Nalo linakumbusha, uzembe hawana.

Isitoshe kazi yenyewe imebadilika, watu hawaleti tena karatasi. Wanatuma sauti WhatsApp. Katibu wa kamati moja ya harusi, ya Kiborloni, jana usiku kanitumia sauti ndefu kuliko mahubiri, nichape orodha ya ahadi. Nusu yake ni jogoo. Robo ni blenda. Katikati anasikika anasema "laki mbili", halafu blenda, halafu "hapana, huyo alishafariki". Nani alishafariki? Aliyeahidi au anayedaiwa? Nikamwandikia kwa adabu, mama, naomba unitumie kwa maandishi. Akanitumia picha ya daftari, imepigwa gizani, kidole gumba kimelala juu ya tarakimu zote, majina ndiyo yanaonekana vizuri.

Sasa hivi anapiga. Sipokei, niko na foleni ya watu wa kopi.

Kaandika: "Nakuona uko mtandaoni."